Namna ya Kuandika Maisha ya Dereva wa Ridhaa: Mfano wa Rudi Fischer

Anayetaka kuwasimulia wasomaji wa Tanga maisha ya dereva wa ridhaa asianze na vikombe, bali na kazi iliyomlisha mtu huyo. Neno ridhaa tumelizoea katika ndondi, ambako bondia hupanda ulingoni bila kulipwa. Katika mbio za magari za miaka ya 1950 lilikuwa na uzito zaidi, kwa sababu gari, mafuta na matairi vilihitaji fedha, na fedha hiyo ilitoka nje ya mchezo.

Rudi Fischer alizaliwa Stuttgart, Ujerumani, mwaka 1912, akawa dereva wa Uswisi, akafariki mwaka 1976. Alikuwa mwenye mgahawa. Jambo hili liwekwe mwanzoni kabisa, kwani msomaji wa Ngamiani anayejua jinsi biashara ya chakula inavyomtaka mwenyewe awepo atatambua mara moja ukubwa wa uamuzi wa kuiacha na kwenda kushindana na madereva wa kiwanda cha Ferrari. Timu yake iliitwa Ecurie Espadon. Espadon kwa Kifaransa ni samaki mwenye kasi wa jamii ya nduaro, na mvuvi wa Sahare hahitaji kuelezwa kwa nini watu wa mbio walichagua jina hilo.

Kisha pima umbali kwa kipimo cha nyumbani. Njia ya Bremgarten, karibu na Bern, ilikuwa na kilomita 7.28, pungufu kidogo ya safari ya kutoka mjini Tanga hadi mapango ya Amboni, nayo ilipita katikati ya miti. Tarehe 18 Mei 1952, katika mbio za Grand Prix ya Uswisi, madereva walitakiwa kuizunguka mara 62, na mshindi, Piero Taruffi, alitumia zaidi ya saa 3. Fischer, akiendesha Ferrari 500 yenye injini ya lita 2, alishika nafasi ya pili.

Hapa ndipo waandishi wengi huteleza kwa mapenzi. Mweleze msomaji kwamba Alberto Ascari, dereva wa kiwanda cha Ferrari, hakuwapo siku ile kwa kuwa alikwenda kwenye mbio za Indianapolis, Marekani, na kwamba gari la Giuseppe Farina, mwenzake wa kiwandani, liliharibika. Ukweli huo haumpunguzii Fischer heshima, maana gari lake lilifika mwisho. Mwezi Agosti, kule Nürburgring, njia ya mbio ya Ujerumani, Ascari na Farina walikuwapo wote wawili, nao ndio pekee waliomtangulia.

Hesabu zihakikishwe kwa mkono: nafasi ya pili ilikuwa na pointi 6 na ya tatu 4, jumla 10, zilizomweka wa nne katika ubingwa wa dunia wa mwaka ule.

Mazingira ya nchi yake yatajwe kwa ufupi. Baada ya ajali ya mbio za Le Mans, Ufaransa, ya tarehe 11 Juni 1955, iliyoua watu zaidi ya 80, Uswisi ilipiga marufuku mbio za magari za kuzunguka njia, na Bremgarten ikanyamaza.

Rasimu ikikamilika, msomee kwa sauti fundi wa gereji ambaye hajapata kusikia habari za Fischer. Akikukatiza kuuliza fedha za matairi zilitoka wapi, rudi kwenye aya ya mgahawa uiandike upya.