Hodi Spinnerei: jinsi ya kutembelea nyumba za sanaa za Leipzig

Mlango wa chuma umefungwa, hakuna bei iliyobandikwa, na pembeni kuna kitufe cha kengele chenye jina dogo. Hapo ndipo ndugu zetu wengi wanapogeuza. Mmoja anadhani ni ofisi ya watu, mwingine anadhani ni duka la matajiri. Kumbe nyumba ya sanaa ya biashara, ile Wajerumani wanayoiita Galerie, haitozi kiingilio wala haikulazimishi kununua. Gharama zake hulipwa na wanunuzi. Wewe mtazamaji unaingia bure kwa sababu mwenye nyumba anataka kazi za wasanii wake zionekane. Kinachotoza kiingilio kwa kawaida ni Museum, yaani makumbusho, au Kunsthalle, yaani ukumbi wa maonyesho. Kunstverein nacho ni chama cha wanachama wanaopenda sanaa, na mara nyingi kuingia ni bure au kwa ada ndogo.

Tumechagua Leipzig, mji wa mashariki mwa Ujerumani, na tuna sababu. Magharibi mwa mji huo, Spinnereistraße 7, kuna Spinnerei, kiwanda cha zamani cha kusokota pamba kilichoanzishwa mwaka 1884. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza kilikuwa kikubwa kuliko vyote katika Ulaya bara, na vijiti vyake vya kusokotea nyuzi vilifika 240,000. Kiwanda hakikutegemea pamba ya kununua tu. Mwanzoni mwa karne ya 20 kampuni ilifungua mashamba yake yenyewe katika koloni la Afrika Mashariki ya Kijerumani, upande wa Saadani, enzi ileile ambayo pamba ya kulazimishwa ilikuwa miongoni mwa mambo yaliyowasha Vita vya Majimaji. Kwa hiyo Mtanzania anayekanyaga mawe ya ua ule ana historia yake pale. Ukichukua ziara ya kuongozwa, uliza kuhusu mashamba hayo. Ni swali halali kabisa, na linastahili kuulizwa mara nyingi.

Baada ya Ujerumani kuungana kazi ya nyuzi ilififia, na wasanii wakaanza kupanga vyumba vya kiwanda miaka ya 1990. Mchoraji Neo Rauch ana karakana yake humo. Mwaka 2005 nyumba kadhaa za sanaa zilihamia hapo kwa pamoja, EIGEN + ART ikiwa mojawapo, na leo unaweza kuzunguka maonyesho mengi kwa alasiri moja bila kutoka ndani ya geti.

Kufika si kazi. Ukiwa Leipzig Hauptbahnhof teremka kwenye jukwaa la chini ya ardhi, panda treni ya mjini S1 hadi kituo cha Leipzig-Plagwitz, kama robo saa hivi, kisha tembea dakika kumi. Deutschlandticket, ile tiketi ya mwezi ya usafiri wa umma wa Ujerumani nzima, inakubalika kwenye treni hiyo na kwenye tramu. Anayetoka Berlin aangalie vizuri: tiketi hiyo haifanyi kazi kwenye ICE, treni ya mwendo kasi, na mkaguzi akikukuta nayo humo utalipishwa. Vaa viatu bapa, kwa sababu ua una mawe na reli za zamani ambazo kisigino chembamba hunasa. Januari ongeza sweta, maana kumbi za kiwanda ni kubwa na si zote zinazopashwa joto sawasawa.

Siku ndiyo inayowakosesha wengi. Nyumba nyingi hufunguliwa Jumanne hadi Jumamosi, kuanzia saa tano asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni. Anayefanya kazi wiki nzima hupanga kwenda Jumapili, anakuta kufuli. Tena kuna kipindi cha kubadilisha maonyesho, Wajerumani wanasema „Umbau“ au „Aufbau“. Nyumba inaweza kufungwa wiki moja au mbili wakati picha za zamani zinateremshwa na mpya zinatundikwa. Agosti wengi wako likizo, na kati ya Krismasi na wiki ya kwanza ya Januari pia usitegemee kitu. Kwa hiyo, kabla ya kukata tiketi, fungua tovuti ya nyumba yenyewe uangalie tarehe ya maonyesho kuanza na kuisha. Saa zilizoandikwa kwenye ramani ya simu hazijui habari za Umbau.

Mara tatu kwa mwaka, Januari, mwishoni mwa Aprili au mwanzoni mwa Mei, na Septemba, Spinnerei huwa na wikendi ya Rundgang. Nyumba zote hufungua maonyesho mapya kwa pamoja, milango iko wazi, na umati ni mkubwa. Kwa mtu mwenye aibu hiyo ndiyo siku nzuri ya kwanza, maana hakuna anayekutazama. Lakini ukitaka kuzungumza na mhusika kuhusu msanii au bei, rudi Jumatano au Alhamisi ya kawaida. Siku ya Rundgang hana nafasi hata ya kunywa maji. Na kama wewe mwenyewe ni mchoraji, usibebe kazi zako siku hiyo kumwonyesha. Atakukatalia kabla hajaziangalia, na mlango utakuwa umeuharibu mwenyewe.

Sasa, mlango. Bonyeza kengele mara moja, subiri. Utasikia mlio wa kufungua, „zzz“, sukuma wakati mlio unaendelea, ukikata umechelewa, bonyeza tena. „Drücken“ ni sukuma, „Ziehen“ ni vuta. Ukiingia sema „Guten Tag“ kwa sauti ya kawaida. Aliye nyuma ya meza atajibu na kurudi kwenye kompyuta yake. Hatainuka, hatasema karibu, hatakuuliza habari za safari. Kwetu hiyo ni dharau. Kwao ni heshima, anakuachia uangalie kwa raha zako. Akikuuliza kama anaweza kusaidia, „Ich schaue mich gern um“, yaani naangalia tu, inatosha. Ukiondoka, aga.

Begi la mgongoni livue ulishike mkononi au ulivae kifuani. Hili si suala la adabu tu. Ukigeuka ghafla, begi ambalo hulioni ndilo linalogonga sanamu. Kwenye makumbusho mengi begi kubwa na mwavuli huenda kwenye makabati ya kufuli, na makabati mengi hudai sarafu ya euro 1 au 2 ambayo unarudishiwa. Weka sarafu mfukoni kabla hujatoka nyumbani. Simama angalau hatua moja kutoka kwenye picha. Usionyeshe kwa kidole karibu na turubai, hata kama hugusi, maana rangi inayoonekana kavu huenda mafuta yake bado hayajakauka ndani.

Kama una watoto, shika mikono yao na uwe na bima ya Privathaftpflicht, ile inayolipa hasara uliyomsababishia mtu mwingine. Sheria ya Ujerumani haimwajibishi mtoto ambaye hajatimiza miaka 7, lakini mzazi anaweza kudaiwa ikiwa hakumwangalia inavyopaswa. Soma mkataba wako uone kama watoto wadogo wametajwa. Mikataba ya bei nafuu huwaacha nje.

Kibandiko cha ukutani ni kifupi na kina mengi. Chukua mfano huu: „o. T., 2019, Öl auf Leinwand, 180 × 140 cm“. Herufi „o. T.“ ni ohne Titel, yaani msanii hakuipa kazi jina, usihangaike kutafuta maana ya O na T. Kisha mwaka, kisha rangi ya mafuta kwenye turubai. Katika vipimo kimo hutangulia upana, kwa hiyo picha hii ni ya kusimama. „Mischtechnik“ ni mchanganyiko wa vifaa. „Auflage 5 + 2 AP“ maana yake nakala zimetolewa 5 za kuuzwa na 2 za msanii. Kibandiko kisipokuwepo, tafuta karatasi mezani yenye ramani ya chumba na namba. Ni ya bure. Kwenye chumba chenye giza angalia muda wa video mlangoni. Ikiandikwa „Loop“ inajirudia, kwa hiyo ingia wakati wowote na kaa hadi ufike ulipoanzia.

Kupiga picha, uliza kwanza: „Darf ich fotografieren?“ Mara nyingi jibu ni ndiyo, bila mwanga wa flashi. Ukiiweka mtandaoni andika jina la msanii, na kumbuka haki ya kazi bado ni yake.

Bei hazipo ukutani, zipo kwenye „Preisliste“, na kuiomba hakukufungi kwa lolote. Kidoti chekundu kinaonyesha kazi imeuzwa. Angalia kama bei ni „inkl.“ au „zzgl. MwSt.“, yaani kodi ya ongezeko la thamani imo au itaongezwa. Tangu Januari 2025 kodi hiyo kwa kazi za sanaa ni asilimia 7. Mwenye mshahara wa kawaida asikate tamaa. Michoro ya karatasi na chapa zenye nakala kadhaa hugharimu sehemu ndogo tu ya bei ya turubai, na kulipa kwa awamu, „Ratenzahlung“, huombwa na kukubaliwa mara nyingi. Wanachama wa Kunstverein nao huuziwa „Jahresgaben“, kazi za bei nafuu zinazotolewa hasa kuelekea Krismasi. Usitoke bila ankara yenye jina la msanii, jina la kazi, mwaka na vipimo, pamoja na hati ya uhalisi iliyosainiwa.

Ukitaka kuipeleka Mombasa au Mwanza, picha ya turubai isisafiri ikiwa kwenye fremu yake ndani ya mizigo ya ndege. Mbao hupinda na turubai hutobolewa. Omba itolewe kwenye mbao na izungushwe upande wenye rangi ukiwa nje. Ikizungushwa rangi ikiwa ndani, hubanwa na kukunjamana, na ukiifungua inapasuka. Tumia bomba la karatasi ngumu lenye kipenyo cha sentimita 10 au zaidi, tanguliza karatasi isiyo na asidi juu ya rangi, na mbao zifunge pembeni kama fimbo. Kama ni rangi ya mafuta iliyochorwa miezi michache iliyopita, muulize mwenye nyumba kama imekauka vya kutosha kuzungushwa. Akisita, iache kwake mpaka safari ijayo. Nakala ya ankara ibebe mkononi, si ndani ya bomba, kwa sababu ndiyo itakayoulizwa na forodha.