Pampasi zisikumalize: kubana matumizi ya kichanga kwa sie wa Unguja na Pemba

Wazazi wenzangu assalaam aleikum. Kila nyumba yenye kichanga maneno ni yale yale, pesa ya pampasi inatoka wapi, na wengi mnanunua pakti ndogo ndogo duka la mtaani kila baada ya siku mbili alafu mwisho wa mwezi mnashangaa laki nzima imeendea wapi. Nataka niwaandikie namna ya kupunguza bila mtoto kukaa na mkojo. Mana wapo watu wakisikia kubana matumizi wanaelewa ni kumuacha mtoto na pampasi moja toka asubuhi mpaka alasiri, hio sio kubana ni kumtesa, na ngozi ikishachubuka dawa utainunua kwa pesa zaidi ya ile ulioibania.

Kwanza piga hesabu. Kichanga mwezi wa kwanza anaweza kubadilishwa mara 8 mpaka 10 kwa siku, akifika miezi sita hivi inashuka kidogo kidogo. Tuseme pampasi moja inakutokea shilingi 400 na kwa siku unatumia 8, hio ni 240 kwa mwezi, yaani elfu 96. Sasa chukua mtoto huyo huyo, mchana avae winda la kitambaa, pampasi umvalishe usiku na mkitoka tu, tuseme 3 kwa siku, inakuja elfu 36. Elfu 60 imebaki mkononi kwako na mtoto hajapungukiwa kitu. Kwaio mie ninachosema hapa ni hicho, pampasi ina saa zake, sio ya kuvaa saa 24.

Saa zake ni zipi? Usiku, mana mkilala nyote mnapumzika. Ukienda kliniki, ukipanda daladala, ukienda harusini au msibani, akiwa mgonjwa mwenyewe au wewe unaumwa na mtu wa kufua hakuna. Nyumbani mchana winda linatosha kabisa, na siku za arubaini ndo haswa, mana wengi tunakuwa kwa mama zetu, watu wa kufua wapo, na kichanga wa umri ule anapata choo karibu kila akinyonya, unamvua pampasi mpya kabisa kwa sababu ya choo cha kijiko kimoja. Kile choo cheusi cha siku za mwanzo kinachonata kama lami, mpake mtoto vaselini matakoni kabla hujamfunga, kitatoka kwa kupangusa tu na nguo haitoshika doa baya.

Mawinda usinunue ya dukani yale ya bei, tafuta khanga kuukuu. Khanga mpya ina wanga, hainyonyi maji, ile iliofuliwa miaka ndo laini na ndo inayonyonya. Upande mmoja wa khanga ukiukata katikati alafu ukakata tena unapata mawinda manne, pinda kingo zake kwa cherahani ili nyuzi zisitoke zikamzonga mtoto kidoleni. Kikoi kuukuu na mashuka ya pamba yaliochakaa yanafaa pia, hasa ya kuweka katikati kama tabaka la pili. Ukipata dazeni mbili unapumua, ukiwa unajifungua masika ongeza, mana kuanzia Machi mpaka Mei mvua inaweza ikakaa siku nzima na kamba haikauki, utakuwa unapiga pasi mawinda saa nne usiku. Juu yake unaweza kumvisha chupi ya plastiki ukiwa na wageni, ila usimuache nayo muda mrefu, kwa joto letu hili la kaskazi harara itamtoka mapaja yote.

Kufua ndo kunakowashinda watu, na ukikupatia utaona wepesi. Weka ndoo mbili zenye mfuniko. Winda la mkojo peke yake lichovye maji ya baridi ulikamue na ulitie ndoo ya kwanza. La choo kwanza likung'ute chooni, lisuuze kwa maji ya baridi, usianze na maji ya moto mana yanashikisha doa, alafu litie ndoo ya pili. Asubuhi unafua yote kwa sabuni ya mche au ya unga kidogo tu, narudia, kidogo, mana sabuni iliobaki kwenye kitambaa ndo inayowasha ngozi ya mtoto wengi wakadhani ni kitambaa chenyewe. Suuza mpaka maji ya mwisho yawe meupe, hayana povu wala harufu, hapo umeshapata na tohara yako ya kusalia umebeba mtoto bila wasiwasi. Yale mafuta ya kulainishia nguo yenye harufu nzuri usitie, yanafanya kitambaa kisinyonye na yanaweza kumuwasha. Mara moja moja chemsha yote, hasa kama mtoto alikuwa na vipele au aliharisha. Alafu anika juani, jua letu linatoa doa bila ya dawa yoyote, winda likiwa bado bichi lilaze doa liangalie jua utakuja kuona adhuhuri limefifia. Mnaokaa mashamba karibu na pwani na kisima chenu kina maji ya chumvi, sabuni haitotoa povu na mtamaliza miche mingi bure, wekeni akiba ya maji ya mvua au ya mfereji kwa ajili ya mawinda tu.

Sasa kwenye kununua hizo pampasi zenyewe. Usiangalie bei ya pakti, gawa kwa idadi ya zilizomo. Pakti ya 10 kwa elfu 5 ni shilingi 500 kila moja, ya 50 kwa elfu 20 ni 400, na muuzaji ataiweka ile ndogo mbele mana mkononi inaonekana rahisi. Nenda duka la jumla Darajani au Mwanakwerekwe, Pemba maduka makubwa ya Chake na Wete, na nyie wa Pemba nauli ya meli imo ndani ya bei kwaio ndo mnahitaji zaidi kununua kwa wingi. Kama huna pesa ya katoni zima tafuta wenzio watatu wenye watoto wa uzito mmoja mchange mgawane, au mfanye mchezo kabisa, kila mwezi anapokea mmoja na kinachopokelewa ni katoni badala ya pesa taslimu, pesa ikiingia mkononi inakuwa na mambo mengi. Anaekwenda Dar kwa shughuli zake ukimuagizia sawa, ila kupanda boti kwa ajili ya pampasi peke yake hakukulipi ukishatia nauli ya kwenda na kurudi.

Na zile zinazouzwa kwenye mfuko mweupe usioandikwa kitu, bei ya kutupa, zipo nzuri ila kagua kabla ya kutoa pesa. Fungua moja mbele ya muuzaji. Vuta gundi ya pembeni uone kama inashika, na ukiibandua inashika tena, nyoosha mpira wa mapajani uone unarudi, ibonyeze katikati kama imegandamana au imejaa madonge upande mmoja iache, inuse kama ina harufu ya uvundo iache. Ukiweza imiminie maji nusu kikombe, alafu bonyeza kwa karatasi kavu, karatasi ikirowa sana ile haitomaliza usiku. Muuzaji mwenye bidhaa nzuri hakatai kukuuzia moja ya kujaribia.

Saizi usiende kwa umri nenda kwa kilo. Kadi ya kliniki unayo, kila ukienda anapimwa, na kwenye pakti kilo zimeandikwa. Usijaze kabati pampasi ndogo kabla hujajifungua, watoto wengi wanakuwa mara mbili ya uzito wa kuzaliwa wakifika miezi mitano hivi, utabaki na pakti mbili hazimuingii. Ukiona alama nyekundu za mpira mapajani au inavuja mgongoni ujue imeshakuwa ndogo, kupanda saizi kunaweza kukuokolea pesa mana moja inakaa usiku kucha badala ya mbili. Unapomfunga hakikisha vile vikunjo vya mapajani vimetoka nje havijajikunja kwa ndani, na wa kiume kidudu chake kielekee chini, nusu ya kuvuja kote kunatokea hapo. Kitovu kikiwa bado hakijadondoka kunja mbele iwe chini ya kitovu. Zenye mstari wa njano katikati unaogeuka rangi akikojoa, huo mstari ni wa kukwambia kuna mkojo, haukwambii imejaa, kwaio kojo moja dogo sio lazima uitupe, shika uipime uzito kwa mkono. Choo lakini badilisha papo hapo, hata kama imevaliwa dakika tano.

Waipsi sizipingi ukiwa safarini, ila nyumbani sioni haja. Kata vitambaa vidogo vya khanga, weka kata ya maji ya vuguvugu, msafishe mtoto, wa kike kutoka mbele kwenda nyuma, kausha kwa kugusa gusa usisugue. Kila siku muachie wazi kidogo juu ya mpira na khanga apate upepo. Akianza kuwa mwekundu mpake vaselini au mafuta yenye zinki kila ukimbadilisha, zikipita siku mbili tatu hajapona au unaona vidoti vyekundu vimeingia kwenye mikunjo mpeleke kituo cha afya, hio inaweza kuwa fangasi na vaselini haiitibu.

Poda achaneni nayo jamani. Vumbi lake linaingia kifuani mwa mtoto na faida hana. Wanja pia usinunue wala usimpake, baadhi una madini ya risasi na mtoto anajifikicha macho alafu anatia vidole mdomoni. Viatu kabla hajasimama, sabuni tatu za aina tatu, mashine ya kupashia chupa moto, vyote hivyo pesa ya pampasi za miezi. Chandarua chenye dawa uliza kliniki ya wajawazito kabla ya kununua dukani, zinatolewa bure.

Wanaokuja kumtazama mzazi watakuletea zawadi tu, na bila kuambiwa wote wataleta vigauni vya miezi mitatu. Mama yako au wifi yako awaambie mapema kwa upole, mzazi angefurahi pampasi, na wagawieni saizi, huyu M huyu L, hakuna anaeudhika na wengi wanashukuru kuondolewa mtihani wa kuchagua. Nguo za kuvaa pokea za watoto wa ndugu, mtoto wa miezi minne hamalizi nguo, zinamkataa zikiwa mpya.

Maziwa ndo akiba kubwa kuliko zote. Miezi sita ya mwanzo kifua peke yake, bila maji, bila uji, alafu uendelee huku anakula mpaka miaka miwili. Ukirudi kazini kamua, kwenye friji yanakaa mpaka siku nne, nje ya friji usipitishe masaa manne na siku za joto kali mpe mapema zaidi, na mnyweshe kwa kikombe kuliko chupa mana kikombe kinasafishika. Kama mtoto anatumia ya kopo kwa sababu ya msingi basi vijiko ni vile vile vilivyoandikwa, usiongeze maji ili kopo lifike mwisho wa mwezi, mtoto anadhoofika na anaweza kupata degedege. Hapo ndipo pahala pasipobanwa kabisa, bora ukope. Akifika miezi sita hahitaji uji wa boksi, boga, ndizi, kiazi kitamu, yai, samaki wa kuchemsha uliomtoa miba ukamponda, vyote vimo jikoni mwenu.

Pampasi iliotumika mwaga choo chake chooni, ikunje uifunge kwa gundi zake uitie kwenye pipa la taka. Usiitumbukize chooni, ule unga wa ndani unaonyonya mkojo unavimba ukikutana na maji, na karo likiziba gari la kunyonya litakula pesa yote ulioiweka. Baharini na kichakani nyuma ya nyumba pia sio pahala pake, haiozi ile.

La mwisho ni kumzoesha mapema. Bibi zetu walikuwa wananyoosha miguu chini wanamkalisha mtoto juu ya vifundo vyao, matako katikati, mgongo kwenye magoti, wanamuimbia taratibu mpaka anapata choo. Ukimjaribu akishakaza shingo, akiamka tu na baada ya kunyonya, utashangaa, mana tumbo likiingia chakula linasukuma kingine, na kila choo kilichokwenda chini ni winda moja hujafua. Usimlazimishe akilia, mnyanyue ujaribu kesho. Akianza kutembea mnunulie poti la plastiki la bei ndogo, mchana muache na chupi tu. Usiku wengi wanachelewa, mpaka miaka mitatu na zaidi, kwaio pampasi za usiku ziwe za mwisho kuacha, na siku utakayoziacha tandika mpira juu ya godoro, khanga kuukuu mbili juu yake, na nyengine mbili ziwe karibu na kitanda.