Usinunue nepi za kitambaa dazeni nzima, jaribu mbili mbili kwanza

Mtoto wangu wa kwanza nilinunua nepi za kisasa kumi na mbili kwa mkupuo, zile za vifungo vya kubana, maua maua kibao, nikajiona nimemaliza kazi. Wiki ya kwanza tu nikajua nimeliwa. Mtoto kazaliwa na vimapaja kama vijiti, nepi inampwaya, mkojo unatokea pembeni hadi kwenye khanga yangu. Huyu wa pili nikasema hapana, safari hii tunajaribu kwanza.

Chukua mbili mbili za kila aina. Kuna zile za pembe nne za pamba au taulo, walizotufunga mama zetu, unakunja pembetatu unabana na pini alafu juu chupi ya nailoni. Kuna winda la khanga kuukuu, hilo ni bure kabisa. Alafu hizo za kisasa, nje kitambaa kisichopitisha maji, ndani kuna mfuko wa kuchomeka pedi ya kunyonya mkojo.

Kwa kichanga mi winda ndo limenisaidia, na mama mkwe wangu wa Tanga alicheka sana maana alishasema tangu mwanzo. Choo cha siku za mwanzo ni cheusi kinanata kama lami, ukikipokelea kwenye nepi mpya ya bei utalia, kwenye kipande cha khanga wala huumii. Kunja upande wa juu uishie chini ya kitovu mpaka kidondoke. Wa kiume ongeza mkunjo mbele, wa kike katikati, la sivyo utabadilisha godoro sio nepi.

Hizo za kisasa zijaribu akishanenepa kidogo. Na usizihukumu siku ya kwanza! Pedi za pamba na za mianzi zikiwa mpya hazinyonyi, maji yanateleza kama kwenye jani la myugwa, fua anika mara tatu nne hivi ndo zinafunguka. Mimi namwagia nusu glasi ya maji juu ya pedi naangalia, yakizama haraka basi iko tayari. Za maikrofaiba, kile kitambaa cha nyuzi nyembamba za plastiki, zinanyonya haraka ila usiziache ziguse ngozi, zinamkausha mtoto, zikae ndani ya mfuko.

Ukimvalisha, lastiki ikae kwenye mkunjo wa paja kama chupi, sio chini kwenye nyama. Pitisha kidole kiunoni, kikipita bila shida sawa. Ukimvua ukakuta alama nyekundu inayopotea baada ya muda mfupi usiogope, ila kama ipo tu hadi unambadilisha tena, legeza kifungo kimoja.

Sasa jaribio ambalo watu wanaliruka ni kuanika. Nepi inaweza kunyonya vizuri mno lakini kama haikauki huna nepi. Fua zote asubuhi moja, anika pamoja, jioni zibinye katikati kwa vidole viwili. Khanga hata saa sita haifiki imeshakauka, maikrofaiba inafuatia, mianzi nene unakuta juu pakavu ndani bado kuna ubichi. Na hapo ni jua la Januari, mwezi wa nne mvua za masika zikikolea hapa Dar ndo utajua hujui, nepi zinaning'inia sebuleni siku mbili zinanuka uvundo. Mimi hilo ndo lilinifanya niachane na pedi nene, nachomeka nyembamba mbili mbili.

Kufua hakuna siri. Choo kitoe kwanza chooni, suuza maji baridi, alafu sabuni kiasi na usuuze mpaka povu liishe, sabuni ikibaki makalio yanaungua. Dawa ya kulainisha nguo usitie kabisa, inaziba kitambaa kisinyonye. Pedi na mawinda piga pasi, maana kuna nzi wanaotaga kwenye nguo mbichi za nje na funza wake wanaingia kwenye ngozi. Ila lile ganda la nje lisiguswe na pasi, dada alinipigia moja ikayeyuka ikabaki imegandia kwenye pasi, harufu siku nzima.

Nepi unabadilisha kila saa mbili tatu, choo hapo hapo. Ukiona upele unageuka vidonda nenda kliniki, usiendelee kubadilisha aina.

Baada ya wiki mbili za hivyo ndo nikanunua, mawinda ishirini na za kisasa nane tu, nafua kila siku yananitosha. Usiku namvalisha pampasi moja nilale, mama mkwe hajui.