Kutafuta uvujaji wa hewa ya ukaa kwa droni ndogo (SOMO)

Nimelijibu swali hili faraghani mpaka nimechoka, kwa hiyo naliweka hapa. Huku Hoima, Uganda, nafanyia mazoezi uwanjani, kwa mtungi wa hewa ya ukaa wa fundi wa kuchomelea, umefichwa kwenye nyasi na kufunguliwa kidogo. Ukiupata huo, unaanza kuwa tayari kwa ghala la ardhini kama la In Salah, Algeria, walikosukuma gesi hiyo chini kuanzia 2004 hadi 2011.

1. Kibali kwanza: Mamlaka ya Usafiri wa Anga, pamoja na idhini ya vyombo vya ulinzi.

2. Washa kihisi (kipima hewa ya ukaa kwenye droni), subiri namba zitulie. Hewa safi ina sehemu kama 420 za hewa ya ukaa kwa kila milioni.

3. Mdomo wa mrija unaovuta hewa kwenda kwenye kihisi uchomoze mbele, mbali na upepo wa mapanga.

4. Ruka chinichini. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, hulala mabondeni. Usiiname shimoni kuangalia! Ndiyo mazuku inayoua watu kule Goma.

5. Mwendo. Hapa niliharibu kazi ya siku nzima. Kihisi changu huchukua kama sekunde 30 kufikia namba ya kweli, nami nilikuwa naruka mita 5 kwa sekunde. Hesabu mwenyewe: mita 150. Ramani ikaonyesha doa jekundu kwenye shamba la mihogo la jirani, tukapekua matuta yake bure, mtungi uko nyuma yetu unafoka. Ruka mita 1 kwa sekunde. Namba ikianza kupanda, simama hapo hewani nusu dakika. Kisha rudia mstari huohuo kutoka upande wa pili; madoa mawili yakitofautiana, chanzo kiko katikati.

MASWALI

Kijana wa Kaiso: Mkuu, ninunue droni gani?
— Soma hatua ya 1. Ukiagiza bila kibali itakwama forodhani.

Kijana wa Kaiso: Hujataja bei.
— Somo ni la kupima.

NyaBuliisa: Alfajiri namba hupanda uwanja mzima na mtungi umefungwa. Kihisi kimekufa?
— Hapana dada, na umeangalia vizuri. Usiku udongo na mimea hupumua. Upepo ukilala, hewa ile hujikusanya chini. Ukiwa na shaka, chota hewa kwenye chupa, maabara ipime na oksijeni. Pumzi ya udongo hula oksijeni karibu sawa na hewa ya ukaa inayotoa. Uvujaji hauli.

Fundi Redio: Mwewe wananishambulia droni.
— Panda juu wima, usikimbie mbele.

NyaBuliisa: Kwangu huja kuanzia saa nne, jua likishapasha hewa.
— Basi ruka kati ya saa mbili na saa nne. Hewa iliyojikusanya alfajiri imeshatawanyika, na mwewe bado wako mtini.