Kensington kwa Miguu, Chapati Mkobani

Miaka tisa nilikuwa yaya, nikisukuma kigari cha mtoto wa watu katika mitaa ya Kensington, mvua na jua. Mtaa huu wa matajiri wa London naujua kwa visigino. Kila mgeni wangu akija kutoka Tanga humpitisha njia moja, na ukiacha nauli hatoi hata senti. Mwaka wangu wa kwanza niliingia mkahawa mmoja huko kwa ushamba wangu, nikalipia chai na vimkate viwili vikavu pesa ya kununulia unga wa wiki nzima. Tangu hapo chapati hupikwa usiku, zinafungwa kwenye foili, na chai inakwenda na chupa yake.

Shuka kituo cha Knightsbridge, treni ya mstari wa Piccadilly, saa nne asubuhi. Kadi ya benki uliyogusisha kuingilia ndiyo hiyo hiyo uguse kutokea. Ukiingia kwa kadi ukatoka kwa simu, hata kama akaunti ni moja, mashine inakuhesabu watu wawili na inakukata nauli kubwa mara mbili. Mpwa wangu alipatwa na hayo siku ya kwanza, akanuna mpaka adhuhuri.

Duka kubwa la Harrods liko hapo hapo. Mkoba wa mgongoni ushushe mkononi, msalimie bawabu, ingia kifua mbele. Hakuna anayekuuliza una shilingi ngapi. Nguo ziache. Nenda kumbi za vyakula za chini ukatazame kuta: vigae vya zamani vyenye picha za uwindaji, kazi ya mwanzoni mwa karne ya 20. Duka hili lilipoweka ngazi ya umeme mwaka 1898, wateja waliotetemeka walipewa brandi kileleni. Nusu saa yatosha.

Fuata Brompton Road kwa miguu mpaka lilipo kanisa kubwa lenye kuba, na baada yake makumbusho ya sanaa ya V&A. Ng'ambo ya barabara ni Kituo cha Waismailia, kilichofunguliwa 1985. Ukisikia Kiswahili pale usishangae, maana wengi wao asili yao ni Dar, Nairobi na Kampala.

Makumbusho makubwa hapa ni matatu, yote bure, na kosa la wageni ni kutaka yote kwa siku moja. Chagua moja. Mimi huwapeleka kwenye lile la Historia ya Asili, la mwaka 1881. Agiza tiketi ya bure mtandaoni kabla, na epuka likizo za shule. Kabla hujaingia simama nje, utazame wanyama wa udongo wa kuchoma waliopachikwa ukutani. Msanifu wa jengo, Alfred Waterhouse, aliwagawa: mkono wako wa kushoto ni walio hai, wa kulia ni waliokwisha toweka. Ndani kila mtu anapiga picha mifupa ya nyangumi wa mita 25 iliyoning'inia. Wewe tazama nguzo za matao. Kuna nyani wanazipanda, mmoja baada ya mwingine. Mtoto niliyemlea alikuwa akiwahesabu kila Jumanne na hakupata jumla moja mara mbili.

Ukitoka, shika Exhibition Road kuelekea bustani ya Kensington Gardens. Pembeni, Princes Gate Mews, utaona kichochoro cha nyumba fupi fupi. Vichochoro vya aina hii vilikuwa mazizi ya farasi wa wenye nyumba kubwa. Leo kununua zizi kama hilo ni shughuli ya tajiri. Piga picha ukiwa njiani, lakini usikae kwenye ngazi ya mtu na usichungulie dirishani. Waingereza hawatakugombeza; watakuangalia tu, na hilo ni baya zaidi.

Mwisho wa barabara, kwenye ukuta wa Chama cha Kifalme cha Jiografia, imo sanamu ya Livingstone ndani ya kishubaka chake. Chuma na Susi, walioongoza msafara ulioubeba mwili wake hadi Bagamoyo, hawamo.

Vuka uingie bustanini, uipite sanamu ya mwanamfalme Albert, mume wa Malkia Victoria, iliyopakwa dhahabu (Afrika, aliyechongwa kama mwanamke, yuko pembeni, juu ya ngamia), kisha nyoosha kaskazini kwa njia ya Lancaster Walk. Baada ya sanamu ya mpanda farasi kuna mnara wa mawe mekundu yaliyong'arishwa. Hapa ndipo ninapofungulia chapati. Kaa kwenye benchi. Vile viti vya kitambaa vya kiangazi ni vya kukodi, na mwenye navyo anakuja.

Sogea usome: jina la Speke, mpelelezi Mwingereza, kisha Victoria Nyanza na Nile, 1864. Nyanza, neno letu, limechongwa katikati ya Kensington. Speke aliliona ziwa hilo 1858, safarini akiwa na Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyewahi kuuzwa utumwani India. Jina la Bombay jiwe halina. Mgeni wangu mmoja, mtu wa Mwanza, alilizunguka mara mbili akilitafuta, kisha akaniomba chai.

Milango ya bustani hufungwa jua likizama, na Desemba hiyo ni saa kumi na kitu. Tokea upande wa Lancaster Gate; kituo cha treni kiko hatua chache, mstari wa Central.