Breki zikilia, sikiliza kwanza zinalia vipi
Zikilia asubuhi tu, gari likiwa limelala nje kwenye mvua au umande, usihangaike. Ni kutu nyepesi juu ya diski, ile sahani ya chuma inayozunguka pamoja na gurudumu. Ukikanyaga breki mara chache inafutika. Mlio mwembamba usioisha ndio wa kufuatilia, maana pedi (vile vipande vinavyoibana diski) nyingi zina kibati cha chuma kilichowekwa makusudi kiguse diski pedi ikikaribia kuisha. Ukisikia mkwaruzo wa chuma kwa chuma, umeshachelewa: liegeshe.

Kukagua, simamisha gari penye usawa, vuta hendibreki, weka kabari, legeza nati kabla ya kuinua, kisha jeki na stendi. Jeki peke yake mimi siiamini hata kidogo. Toa gurudumu upime unene wa pedi bila kuhesabu bati lake la nyuma. Ikibaki milimita 3 au chini, badilisha, na ubadilishe kulia na kushoto pamoja.

Pedi bado nene? Basi mara nyingi ni mtetemo tu. Safisha kwa dawa ya kusafishia breki (usipulize vumbi lile, si la kuvuta puani), halafu paka grisi maalumu ya breki, ile inayostahimili joto, kidogo sana: mgongoni mwa pedi, kwenye masikio yake (ncha zake za pembeni) na kwenye pini za kalipa, kile kibano kinachozisukuma pedi. Ikigusa uso wa pedi au diski, umejitafutia balaa jingine.

Ukisharudisha kila kitu, kanyaga pedali mpaka iwe ngumu kabla gari halijasogea.