Jinsi ya kuipima hofu yako kabla hujapanda boti (au boda)

Juzi niko gatini Mokowe, kusi limechacha, mama mmoja akakataa katakata kupanda boti kwenda kisiwani Amu (Lamu) sababu kwenye grupu la familia wamerusha video ya boti ikizama, nchi gani hata hajui. Na hapo gatini kaja kwa boda, mshikaki wa watatu, helmeti hakuna. Sikucheka, manake mimi mwenyewe laifu jaketi nilikuwa nimeikalia.

Sasa ukishikwa na hofu, kwanza jiulize imetoka wapi, umeona kwa macho ama imekuja na simu? Kinachokuja kichwani haraka ndo tunadhani hutokea sana, wanasaikolojia Tversky na Kahneman waliliandika hilo 1973, simu hizi hazijazaliwa. Baada ya yale mashambulizi ya Septemba 2001 Wamarekani wengi waliogopa ndege wakaenda kwa gari, na Gerd Gigerenzer, mtafiti wa Ujerumani, akakadiria kuwa katika mwaka mmoja watu kama 1,500 zaidi walikufa barabarani.

Halafu angalia usukani ameshika nani. Chauncey Starr, injinia wa Marekani, alisema 1969 kuwa hatari uliyojichagulia unaweza kuikubali hata ikiwa kubwa mara 1,000 kuliko ya kuletewa. Ndo utaona kijana Malindi anapigia kelele mnara wa simu uliojengwa karibu na kwao, usiku mzima anabeti kodi ya nyumba.

Na hapo kwa kubeti usiharakishe, kaa napo kidogo. Ile raha haikuja yenyewe, imepangwa: mechi tisa zimeingia, moja imechana mkeka, basi unajiona ulikaribia kumbe pesa imeenda vile vile, kisha inakuja meseji ya bonasi. Jiulize nikiogopa nani anauza, nikijitosa nani anakula. Mimi swali hili limeniokolea pesa kuliko mawaidha yote niliyowahi kupewa.

Ukimaliza hayo ndo uliza ya kazi: boti inaruhusiwa watu wangapi, mumepakia wangapi, bahari ikoje huko nje. Majibu yakiwa mabaya, ngoja.

Yule mama nahodha alimjibu yote taratibu, mwisho akasema haya, napanda, lakini huyu naye avae. Alikuwa ananionyesha mimi. Nikainuka nikaivaa, kumbe kamba moja imekatika.